Mhariri, waambieni wazazi wasisubiri seli shina, umri wa mtoto hausubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua nimeandika ndefu na mkasi mnao, kateni mnapotaka ila ile sehemu ya umri wa mtoto naomba muiache kama ilivyo maana ndo iliyonifanya nikae chini niandike.

Mi ni tabibu wa meno kwenye hospitali ya wilaya huku mkoa wa Tanga, kazi yangu kubwa ni kung'oa, kuziba na kuandika rufaa. Tangu mlipotoa ile makala ya kwamba wataalamu sasa wanaotesha mfupa wa ufizi kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kwa watoto waliozaliwa na mdomo wazi, yaani mdomo wa juu umepasuka, na kwamba habari ya kukata mfupa nyongani inaelekea kuwa mambo ya kale, wazazi wanakuja na gazeti lenyewe mkononi, wengine wamelipiga picha wakaitupia kwenye magrupu ya wasap, na swali ni lile lile, daktari kwahiyo tusubiri hiyo? Juzi mama mmoja kafungua fundo la kanga mbele yangu, ndani kuna kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa, na ndani ya kichupa kuna jino la utoto la mwanae, limekauka na lina tundu la kuoza, ananiuliza alitunze wapi lisiharibike kwa sababu kasomewa kwamba humo ndani kuna seli za kutengenezea mfupa. Mtoto mwenyewe yupo pembeni anachezea kiti changu, ana miaka tisa na nusu, nikamwambia fungua mdomo, mwanya wa ufizi upo wazi kabisa na ukipapasa juu unalisikia jino chonge linavyojiandaa kushuka. Huyo ni mtoto wa kupelekwa sasa hivi. Mama yake ndo kwanza anataka kusubiri teknolojia.

Makala yenu haikudanganya, hilo niliseme mapema nisije nikaonekana nawashambulia. Hizo tafiti zipo na baadhi zinatia moyo kweli. Shida yangu ni kwamba iliandikwa kama vile kesho asubuhi hiyo huduma inashushwa Bombo, hospitali yetu ya mkoa, na msomaji aliyeko Handeni au Lushoto hana namna ya kujua kwamba kutoka "watafiti wamefanikiwa" mpaka "mlete mtoto" kunaweza kupita miaka na miaka, na kwa hawa watoto miaka yenyewe haipo.

Ngoja nieleze kwa wasiojua. Kwa wastani wa dunia mtoto mmoja hivi kati ya 700 wanaozaliwa anakuja na mpasuko wa mdomo au kaakaa au vyote viwili. Mdomo ndo watu wanaujua maana ndo unaonekana. Unashonwa mtoto akiwa na miezi kama mitatu hadi sita, kaakaa linafuata kwenye mwaka mmoja hivi au mwaka na nusu, ndugu wanapiga vigelegele, picha zinapigwa za kabla na baada, na kusema kweli mtoto anapendeza. Ila kwa wengi wao mpasuko ulipita pia kwenye ufizi wa juu, pale karibu na chonge, na pale kilichokosekana ni mfupa kabisa. Ukipiga eksirei unaona taya la juu limegawanyika, kipande huku kipande kule, katikati kumekaa kweusi. Kwa nje nyama imefunika kwahiyo mzazi haoni pengo, anachoona ni meno yamekaa shaghalabaghala, tundu moja la pua limebonyea kwa sababu chini yake hakuna cha kuliegemeza, na mtoto akinywa uji mwepesi au soda unamtokea puani maana bado kuna kitundu kinachounganisha mdomo na pua. Nimewahi kuona mtoto wa darasa la tatu ambaye shuleni hanywi uji mbele ya wenzake, anabeba kikombe anaenda nyuma ya darasa.

Sasa sehemu ya umri. Jino chonge la juu linashuka kwenye miaka 11 hivi, linatoka juu kabisa na kupita ndani ya mfupa. Kama mfupa haupo linakosa njia, ama linakwama huko juu ama linashukia kwenye mwanya bila kitu cha kulishika, na jino la jirani nalo linakaa kwenye ukingo mwembamba wa mfupa linalegea mapema. Ndo maana mfupa unapandikizwa kabla chonge halijashuka, mara nyingi kati ya miaka 8 na 11, daktari anaangalia kwenye eksirei mzizi wa chonge umefika nusu au theluthi mbili. Chonge likishashuka kupitia ule mfupa mpya linaufanya ubaki, kwa sababu mfupa wa taya usiobeba jino mwili unaula taratibu. Mtu wa miaka 19 anaweza kupandikizwa bado, na wapo wanaopandikizwa, ila matokeo yanashuka na mara nyingi anaishia kuhitaji jino la bandia. Kwahiyo mzazi wa mtoto wa miaka nane, tisa, kumi, asisubiri chochote. Hii ndo nimeomba msikate.

Na njia ya mfupa wa nyonga haikuanza jana. Boyne na Sands wa Marekani waliiandika mwaka 1972, alafu kina Bergland, Semb na Åbyholm wa Oslo kule Norway wakaifuatilia kwa mamia ya wagonjwa na mwaka 1986 wakatoa matokeo pamoja na kipimo cha kusoma kwenye eksirei mfupa umejaa mpaka kimo gani, kipimo ambacho mpaka leo madaktari wanakitumia. Mtoto anapewa nusukaputi, wanachana kidogo pale juu ya nyonga unapofungia mkanda, wanachota ule mfupa wa ndani ulio laini wenye uloto, wanaushindilia kwenye mwanya, wanaufunika kwa ufizi na kushona. Hapa sasa kuna jambo makala yenu ililiruka na mimi naliona ndo kiini chenyewe, ule mfupa wa nyonga una seli shina ndani yake tayari. Ziko hai, ni za mtoto mwenyewe, zimekuja na damu yake na madini yake na mahali pa kujishikiza. Wanachohangaikia watafiti ni kupata kitu kinachofanya kazi kama hicho bila kumchana mtoto nyongani. Kwahiyo mtu akikwambia nyonga ni ya kizamani na seli shina ni ya kisasa, mwambie mtoto anayewekewa mfupa wa nyonga anawekewa hizo hizo, tena mbichi.

Kumchana nyongani kunauma, hilo silifichi. Mtoto wa dada yangu alifanyiwa Dar akiwa darasa la nne, nikaenda kumuona wodini nikamkuta kajilaza upande mmoja, nikamwambia pole baba, mdomo unaendeleaje, akanijibu "Shikamoo mjomba, mdomo hata sio ishu, kiuno ndo kinaniua." Alichechemea muda, dada akawa anamshikilia kwenda chooni, akitaka kukohoa anajishika ubavu kwanza. Kuna watoto wanapata uvimbe wa damu pale kwenye kidonda, kuna wengine wanabaki na ganzi pajani kwa sababu kuna mshipa wa fahamu unapita jirani, na muda mwingine mfupa uliowekwa unapungua mpaka inabidi warudie. Ndo sababu watu wenye akili zao wamehangaika miaka yote hiyo kutafuta njia nyingine na mimi nawaombea wafanikiwe leo kabla ya kesho.

Njia ya kwanza iliyovuma ilikuwa protini inayoitwa BMP-2, ambayo kazi yake ni kuziamrisha seli za mwili zijenge mfupa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliikubali mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, 2007 wakaikubali kwa matumizi fulani ya taya kwa watu wazima, unailoweka kwenye kisponji cha kolajeni, ile protini ya ngozi na mifupa, ukikiweka mahali mfupa unaota. Mwaka 2008 FDA hao hao wakatoa tahadhari, waliowekewa shingoni walivimba mpaka wengine wakashindwa kupumua. Na maelekezo yake yanasema wazi isitumike kwa mtu ambaye mifupa yake bado inakua, sasa mtoto wa miaka tisa mifupa yake inafanya nini kama sio kukua. Wapo madaktari wameitumia kwenye ufizi wa watoto hata hivyo, mfupa ukaota, na nyuso zikavimba.

Seli shina zenyewe zikafuata. Mwaka 2006 Hibi na wenzake wa Nagoya, Japani, waliandika kuhusu binti mmoja wa miaka tisa, walimtoa uloto kwa sindano, wakazikuza seli maabara, wakazichanganya na chembe sahani za damu yake, zile za kugandisha damu, wakajaza kwenye mwanya, na baada ya miezi tisa mfupa ulikuwa umejaa karibu asilimia 79 ya eneo. Inafurahisha, ila ni binti mmoja. Mwaka 2009 Behnia na wenzake Tehran wakajaribu kwa wagonjwa wawili, mmoja mfupa ulijaa theluthi tu na mwingine robo, wakarekebisha wakaongeza vichocheo, na 2012 wakafika kwenye nusu hivi. Nusu ya pengo, jamani, chonge la mtoto halishuki kwenye nusu. Alafu kuna utafiti wa Michigan wa 2017 ambao sijui kwanini hautajwi, huu ulikuwa wa watu wazima na ulipangwa vizuri kwa kulinganisha kundi na kundi, ukakuta seli hazikumdhuru mtu ila kwenye mapengo makubwa zilishindwa na kipande cha kawaida cha mfupa. Makala yenu ilichukua waliofanikiwa tu.

Ile iliyowasisimua wazazi wangu wa huku ni ya Brazil, ya jino la utoto. Na hadithi yake nzuri kweli. Mwaka 2003 Songtao Shi, daktari wa meno ya watoto aliyekuwa akifanya utafiti kwenye taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, alitangaza na wenzake kwamba wamekuta seli shina ndani ya meno ya utoto yanayong'oka yenyewe, na alianza kushtuka alipoliangalia jino la binti yake akaona kinyama chekundu kimebaki ndani. Sisi wengine meno yetu tuliyarusha juu ya bati tukaomba mapya. Sasa Wabrazil wa São Paulo, kundi la Daniela Bueno na wenzake wa hospitali ya Sírio-Libanês, wakachukua hicho kinyama cha jino la mtoto mwenye mpasuko, wakakuza seli, wakazipandia kwenye kiunzi cha mfupa wa ng'ombe uliosafishwa pamoja na kolajeni, wakajaza kwenye ufizi wa mtoto huyo huyo. Mwaka 2020 wakachapisha, mfupa ulijaa kwa kiasi kisichopishana sana na wa nyonga, na nyonga haikuguswa. Lakini ni watoto wa kuhesabu kwa vidole, na waliolinganishwa nao walikuwa wa upasuaji wa nyuma. Ndo maana wenyewe wakapanga utafiti mkubwa zaidi, hawakukimbilia kufungua duka.

Kiunzi nacho msikipite haraka. Watu wanadhani ukimwaga seli kwenye pengo zinageuka mfupa, haziwezi, ni kama kumwaga zege bila mbao za kulishikilia, linatiririka linapotea. Lazima kuwe na kitu kigumu chenye vitundu ambacho seli zinajishika, mishipa ya damu inaingia, na chenyewe kinayeyuka polepole mfupa unavyochukua nafasi, kikiyeyuka haraka pengo linarudi, kikigoma kuyeyuka chonge linakutana na ukuta. Na hata hizo seli, wanasayansi wengi siku hizi wanaona kazi yake kubwa pengine ni kutuma ishara kwa seli nyingine za mwili kuliko zenyewe kugeuka mfupa. Yaani hata jinsi inavyofanya kazi bado wanabishana.

Kwahiyo yule mama wa kichupa nilimjibu hivi, kwa lugha ya upole lakini bila kuzunguka. Jino lililokauka seli zake zimekufa. Jino lililooza kinyama chake kimekufa zamani. Hata jino zima likitoka leo na damu yake, ukiliweka kwenye friji la nyumbani haisaidii, na kwenye friza ndo unaziua kabisa kwa sababu barafu inazipasua, seli zinagandishwa taratibu zikiwa kwenye dawa maalumu ya kuzilinda alafu zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuna nchi kuna makampuni yanahifadhi meno ya watoto kwa malipo ya kila mwaka, wenye hela wanalipia kama bahati nasibu, hilo ni lao. Akaniuliza kwahiyo nilitupe? Nikamwambia lirushe juu ya bati mama, akacheka, ila macho hayakucheka.

Na tukisema tulete hiyo maabara hapa, inataka chumba kisafi kuliko thieta, hewa inachujwa, seli zinalishwa kwa wiki kadhaa mfululizo kwa joto lile lile la mwili, kila hatua inapimwa kama kuna bakteria au seli zimeharibika. Umeme ukikatika jenereta ikagoma kuwaka, umepoteza mfupa wa mtoto wa watu. Sisemi hatuwezi milele. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2023 wakaanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu, na hizo nazo ni seli shina, kwahiyo wataalamu tunao na vichwa vipo. Ila zile ni za damu, zinatolewa na kupewa mtu bila kuoteshwa wiki nzima maabara, na faida yake imethibitishwa kwa miaka mingi duniani. Mfupa wa ufizi kwa seli za kuoteshwa haujafika hapo popote, hata hao Wamarekani, dawa ya kwanza ya seli za jamii hii FDA wameikubali Desemba 2024 na ni ya watoto wanaopata matatizo baada ya kupandikizwa uloto wa mtu mwingine, haihusiani na mfupa wala meno.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi. Makala ikitoka hivi, wa kwanza kuisoma sio wazazi, ni wale jamaa wa virutubisho. Mnawajua, wale wa semina za ukumbini wenye suti na cheni ya kuunganisha watu, wanauza vipakti vya unga na vichupa vya matone vimeandikwa seli shina, vya tufaha, vya zabibu, sijui vya kondo la kondoo. Huku kwetu kuna mama kauziwa boksi la vipakti kwamba mtoto akilamba chini ya ulimi mfupa wa ufizi utaota wenyewe na kisukari cha bibi kitaondoka humo humo. Akaniletea boksi nilione. Nikaligeuza nyuma, maandishi madogo kabisa yanasema bidhaa hii haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Kwa hela aliyotoa angeenda Dar na kurudi na mtoto na kulala wiki. Seli ya tufaha ukiila inasagwa tumboni kama tufaha lingine lolote, haina barabara ya kutoka tumboni kwenda ufizini ikajigeuza mfupa wa binadamu. Na hata seli za kweli zikishikwa na watu wa biashara sio salama, kule Florida kuna wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe kliniki ya kulipia, wakaharibikiwa macho, kisa chao kiliandikwa 2017 kwenye jarida kubwa la madaktari. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wapo, ila hao jamaa dawa yao inasajiliwa kama chakula na maneno ya uponyaji yanasemwa kwa mdomo ukumbini, kwenye boksi hayapo, sasa utamkamata na nini.

Turudi Brazil kidogo maana nadhani somo la Brazil tulilisoma nusu. Kabla ya hayo meno ya utoto, Brazil walikuwa na hospitali nzima ya watu wenye mipasuko ya uso pale Bauru, watu wanaiita Centrinho, ilianza 1967, mtoto anaingia mchanga anatoka mtu mzima, kashonwa, kafundishwa kuongea, kawekewa mfupa, kapangwa meno, bila kulipa kwa sababu ni mfumo wao wa afya ya umma. Nyonga kwao ni kazi ya kila siku. Wakishakuwa na hiyo ndo wanauliza, tunaweza kumpunguzia mtoto maumivu ya nyonga? Ni swali la mtu ambaye kashiba anauliza habari ya matunda. Sisi wengi wa watoto wetu hata nyonga hawajafika.

Kwanini hawajafika? Mdomo na kaakaa mashirika yamesaidia sana, Smile Train, Operation Smile ambao Kenya walifika tangu 1987, hospitali ya CCBRT pale Msasani Dar, watu wameshonwa bure na Mungu awabariki. Lakini mtoto akishashonwa anarudi kijijini, simu ya baba inabadilishwa laini, na kwenye kadi yake hakuna aliyeandika rudi ukifika miaka minane. Nimeshika mkononi kadi ya mtoto aliyetoka hospitali moja, sitaitaja, imeandikwa kwa kalamu nyekundu AMEPONA. Amepona vipi na taya lina vipande viwili? Hiyo kadi ndo imemuweka nyumbani miaka saba, maana mzazi kaambiwa kapona akaamini, nani asiyeamini. Mimi nimekutana naye kwa bahati tu kaja kung'olewa jino linalouma. Na hata ukimpa rufaa, kabla ya kuwekewa mfupa mara nyingi taya linatakiwa litanuliwe kwa waya, na madaktari wa kupanga meno ni wachache mno nchini na wako mijini, waya unarudiwa kukazwa kila baada ya wiki kadhaa, sasa mkulima wa Kilindi atapanda basi la Dar mara ngapi. Hapo ndo watoto wanapotelea, Mhariri. Hawapotei kwa sababu sayansi ya seli shina haijafika.

Kuna vitu havihitaji maabara. Muuguzi anayeandika kadi ya ruhusa aandike mwaka ambao mtoto atafika miaka minane na aseme arudi kuonwa ufizi, ni mstari mmoja. Walimu wa darasa la pili na la tatu wakiona mtoto mwenye kovu la mdomo wamwambie mzazi ampeleke kwa tabibu wa meno wilayani, sisi tupo, kiti kipo, eksirei tukikosa tunaandika rufaa. Wazazi wasafishe meno ya hawa watoto kweli kweli, asubuhi na usiku, mswaki ufike hadi kwenye ule mwanya hata kama unatoa damu kidogo, kwa sababu mdomo wenye meno yaliyooza daktari hawekei mfupa, usaha utaula. Na yule anayeogopa nyonga mwambieni siku hizi wanampa mtoto dawa za ganzi pale pale kidondani na baadhi wanachota kwa tundu dogo, na yule mtoto wa dada yangu aliyekuwa analia kiuno sasa hivi ni golikipa wa shule na chonge lake limeshuka lipo mahali pake, bado limepinda kidogo, waya atavaa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena habari ya seli shina, na muandike maana watu wanahitaji kujua dunia inakwenda wapi, wekeni kisanduku pembeni kiseme umri ni miaka 8 hadi 11, nyonga ndo tiba iliyopo, na anayeuza vipakti ni muongo. Na mwandishi wenu akipata nafasi ya kukaa na watu wa wizara awaulize jambo moja ambalo mimi huku chini nimeuliza sijajibiwa, hii sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa 2023, kwenye kitita chake kupandikiza mfupa wa ufizi kwa mtoto wa mdomo wazi kumo au hakumo, na ile waya ya kutanua taya inahesabiwa ni matibabu au ni urembo? Maana kuna mtoto wa miaka tisa na nusu huku nimeshamuandikia rufaa, na mama yake kabla ya kuuza mbuzi angependa kujua.

Wenu,
Tabibu wa meno, Tanga